Kompyuta ya Madai na Siku ya Soko

Programu yetu ilibadilishwa mara moja tu kwa mwaka. Mtu aliyeiandika alikaa Nairobi, na kila mwaka, kabla ya mvua za masika, alipokea maombi ya vituo vyote vya mpango wetu wa bima ya matibabu, akajifungia nayo, kisha akatutumia diski mpya kwa basi. Baada ya hapo ulichopata ndicho ulichopata. Ukisahau kuomba jambo, uliishi na kasoro yako hadi masika ya mwaka mwingine. Na kila kituo kiliruhusiwa kuomba mambo matatu, hakuna la nne.

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini ikielekea ukingoni. Mimi nilikuwa na shahada mpya ya hisabati na hofu ya kila jambo. Msichana mwingine angeketi asubuhi moja, akanywa chai, akaandika mambo yake matatu. Mimi nilianza kuyafikiria Agosti, upepo wa Isiolo ukitupulizia vumbi hadi ndani ya droo, ilhali maombi yalitakiwa Februari. Niliandika, nikafuta. Niliogopa kuomba kidogo nikaonekana sijui kazi, kisha nikaogopa kuomba kikubwa nikaonekana najifanya. Kuna siku niliogopa hata mwandiko wangu, kwamba herufi zimeinama mno na mtu wa Nairobi atadhani niliandika nikiwa na hasira.

Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa na furaha. Mimi ni mtu wa Machakos, na nilipopewa kazi Isiolo shangazi zangu walilia kana kwamba napelekwa vitani, kwa sababu walisikia lami inaishia pale. Kweli iliishia pale. Hawakusikia habari ya chai ya maziwa ya ngamia, wala chumba changu cha mtaa wa Wabera chenye mlango wa bluu, wala jinsi mji mzima ulivyochangamka mchana miraa iliposhuka kutoka Meru. Ofisi yetu ilikuwa chumba nyuma ya duka la vitambaa. Ndani kulikuwa na meza mbili, feni moja, na kompyuta iliyofunikwa kwa leso ya mke wa Meneja, leso nzuri ya kwendea harusini, kwa kuwa mama huyo alisema mgeni wa bei kama hiyo hawezi kufunikwa gunia.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Mwanachama wetu au mtu wa nyumba yake akiugua, anakwenda kliniki na kadi ya familia. Kliniki inamtibu, inajaza fomu ya madai na kutuletea. Mimi naingiza dai kwenye kompyuta: namba ya kadi, tarehe, ugonjwa, dawa. Programu inalichunguza na kulikubali au kulikataa. Yaliyokubaliwa yanakwenda Nairobi kwenye diski, na kliniki inalipwa.

Meneja alikuwa Mborana wa Isiolo, mtu wa makamo aliyekuwa karani wa serikali kabla ya kuja kwetu. Alijua mji wote, ila hakuwahi kupatana na kompyuta. Ukiingiza kitu vibaya, programu iliandika kwa Kiingereza kwamba umeweka kitu kisicho halali.

"Imeanza tena," aliniambia mchana mmoja.

"Imesema nini, Mzee?"

"Imesema nimeingiza kitu haramu. Mimi! Natoka msikitini sasa hivi."

"Ni tarehe tu, Mzee. Umetanguliza mwezi mbele ya siku."

"Basi iseme tarehe. Haramu imeingilia wapi hapo?"

Kwa hiyo ombi moja kati ya matatu lilikuwa lake: kompyuta izungumze na watu kwa adabu, na ikiwezekana kwa Kiswahili. Ombi la pili lilikuwa langu. Nilitaka programu ihifadhi kazi yenyewe kila baada ya muda mfupi, kwa sababu stima ya Isiolo ilikuwa inaondoka bila kuaga, na ikiondoka, kila nilichoandika tangu asubuhi kilipotea. Nililitamani jambo hilo kama mtu anavyotamani maji.

La tatu lililetwa na Sista.

Sista alikuwa muuguzi aliyestaafu kutoka hospitali ya serikali, mama wa Kimeru aliyeishi Isiolo tangu ujana wake. Alianza na chumba kimoja Wabera, akaongeza cha pili, halafu cha kujifungulia, na wakati huo kliniki yake ndiyo pekee mjini iliyokubali kadi za mpango wetu. Hakuwa mtu wa kubisha hodi.

"Wewe msichana wa kompyuta," alisema akiwa bado mlangoni, "mashine yako imekula watoto wangu tena."

Alimaanisha madai ya watoto aliowatibu. Jambo lilikuwa hivi. Wanachama wetu wengi walikuwa wafugaji na wafanyabiashara wa mifugo. Siku ya soko, baba alipanda lori na mbuzi zake kutoka upande wa Burat au mbali zaidi, na kwa kuwa lori linakuja mjini, mke na watoto nao wakapanda. Kikohozi kilichoanza mapema wiki kilisubiri lori la mbuzi. Jino lilisubiri, na homa isiyokuwa kali pia ilisubiri. Kisha wote wakashuka kwa Sista asubuhi moja, baba, mama na watoto, na mara nyingi wakiwa na kikohozi kilekile, maana walilala nyumba moja. Sista aliwatibu wote na kuandika dai kwa kila mmoja, na yote yalibeba namba moja ya kadi ya familia. Programu ilipoona namba moja, siku moja, ugonjwa mmoja, ilikubali la kwanza na kuyatupa mengine, ikidhani ni dai lilelile limerudiwa.

Hilo lingekuwa la kuvumiliwa, ila mwaka huo makao makuu yakatangaza kwamba kliniki zenye madai mengi yaliyokataliwa zitaondolewa kwenye mpango siku diski mpya itakapoanza kutumika. Isiolo ilikuwa juu kabisa kwa kukataliwa.

"Wakinitoa nitafunga," Sista alisema. Hakupandisha sauti. "Wenye kadi ndio karibu wote wanaokuja. Na mama wa Burat akishikwa na uchungu, wanataka apande mlima mpaka Meru?"

Tangu siku hiyo sikuwa na ombi lingine kichwani. Niliandika maelezo, nikachora michoro, nikaeleza kila njia ambayo programu ingeweza kumtofautisha mtoto na ndugu yake, na hasara ya kila njia, na jibu la kila hasara. Meneja alizipima zile karatasi mkononi.

"Binti, hii ni ombi ama ni wasia?"

"Nikifupisha hawataelewa, Mzee."

"Ukirefusha hawatasoma. Wacha nimpigie simu mwenyewe aje aone."

Aliyepigiwa simu ndiye mwandishi wa programu. Sisi tulimwita Injinia. Alikuja Februari, mwembamba, miwani mikubwa, akiwa na leso ya kufutia jasho kila mkono. Hakuwa mtu mbaya. Alisoma ukurasa wangu wa kwanza, akaruka hadi wa mwisho, akatikisa kichwa.

"Siwezi kuondoa hiyo sheria," alisema. "Niliiweka kwa sababu. Kuna kliniki, sitataja wapi, ilikuwa inaleta homa za mapacha. Kila homa na pacha wake. Nikiondoa, zinarudi."

"Lakini hapa ni watoto wa kweli," nikasema.

"Kila mtu ananiambia ni watoto wa kweli."

"Kesho kutwa ni siku ya soko. Utawaona wakishuka."

Alinitazama, akafuta miwani. "Sawa. Nitangoja. Nikiwaona, nitabadilisha."

Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Nilipita kwa Sista kumwambia, na yeye akatuma watu kanisani kuazima mabenchi ya kuongeza.

Kesho yake Meneja alirudi kutoka sala ya alasiri akiwa na uso wa kubeba habari. Ng'ombe walikuwa wameonekana na vidonda vya midomo na miguu upande wa kaskazini, na maofisa wa mifugo walikuwa wameweka karantini. Soko la Isiolo lilifungwa mpaka itakapotangazwa tena. Hakuna lori, hakuna mbuzi.

Sijui niliwaza mangapi kabla ya kufika nyumbani. Niliwaza kwamba Injinia atadhani tumemchezea. Nikawaza nimwombe angoje, nikakumbuka karantini inaweza kuchukua miezi. Nikawaza kwenda mtaani kuomba familia zenye kikohozi zije tu, kisha nikaona aibu, kwa sababu huo ndio ungekuwa udanganyifu wenyewe. Ugali wangu ulipoa kwenye sahani.

Siku ya soko tulikwenda hata hivyo, Meneja, Injinia na mimi. Sista alikuwa amevaa sare yake nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Mabenchi ya kanisa yalikuwa yamepangwa uani safu kwa safu. Kwenye benchi la mbele alikaa mama mmoja na mtoto mchanga. Mengine yote yalikuwa matupu, na kuku wa jirani alikuwa akitembea katikati yake kama mkaguzi.

Injinia aliketi kwenye safu ya pili. Aligeuka nyuma, akageuka mbele.

"Wagonjwa wenu wamepona?" aliuliza.

Sista alimletea chai. Injinia aliipokea kwa mikono miwili, na kusema kweli alionekana mwenye huruma.

"Sista, mimi si polisi. Lakini nikirudi Nairobi niseme nini? Niseme niliona benchi?"

"Sema soko limefungwa," Meneja alisema.

"Mzee, kila kituo kina soko lake lililofungwa."

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo, na nililikumbuka kwa sababu ya hofu yangu, maana mimi siku nilizoogopa sizisahau. Mwaka uliotangulia, nikiwa mgeni kabisa kazini, nilipokea simu kutoka Nairobi iliyonifanya nizime na kuwasha kompyuta asubuhi nzima.

"Ulinipigia simu mwaka jana," nikasema.

"Napiga simu nyingi."

"Uliuliza kama mashine yetu imekufa. Ulisema diski za Isiolo zimekuja safi, hakuna dai hata moja lililokataliwa, na haijawahi kutokea. Nilidhani nimeharibu kitu."

Injinia alishusha kikombe. "Nakumbuka. Nilidhani umezima ukaguzi wa programu."

"Sikuzima. Soko lilikuwa limefungwa, kama leo. Karantini ya ng'ombe. Watu walikuja mmoja mmoja kwa miguu, kila mtu siku yake." Nilivuta pumzi. "Kama Sista anabuni watoto, mbona aliacha kubuni kwa sababu ng'ombe wana vidonda? Na soko lilipofunguliwa, mbona wakarudi?"

Alimtazama yule kuku. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na nikaona anacheka.

"Kweli," alisema. "Mwongo haambukizwi ugonjwa wa midomo na miguu."

Sista hakucheka. Alikuwa amesimama na birika mkononi. "Kwa hivyo mimi si mwizi?"

"Sista, wewe si mwizi. Programu yangu ndiyo haioni vizuri."

Sista aliingia ndani haraka, akasema anafuata sukari. Sukari ilikuwa mezani.

Kurekebisha kulionekana jambo dogo sasa. Injinia alieleza kwa kidole hewani: kila mtu katika familia apewe namba yake. Baba ni moja, mama ni mbili, mtoto wa kwanza tatu, na kuendelea hadi kitinda mimba. Programu ikiona namba tofauti, itajua ni watu tofauti. Nilikuwa nimeandika hivyohivyo katika ule wasia wangu, na nilijisikia nimefaulu mtihani. Meneja peke yake alikohoa.

"Hiyo haitaenda," alisema.

"Kwa nini, Mzee?"

"Ngoja. Haji yuko dukani. Muulize yeye."

Haji alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mwanachama wetu wa siku nyingi, mwenye familia kubwa. Kwa kuwa soko lilikuwa limefungwa alikuwa amekaa tu kwenye kiti cha duka la vitambaa, akilalamika kwa yeyote aliyepita. Tuliporudi kutoka kliniki, Meneja alimwita ofisini.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, Haji. Huyu kijana ametoka Nairobi. Ana swali."

Injinia alitabasamu, akachukua kalamu. "Mzee, tunataka kuandika familia yako vizuri. Una watoto wangapi?"

"Wapo," Haji alisema.

"Ndiyo, lakini wangapi?"

"Nimesema wapo."

Injinia aliniangalia. Mimi nilikuwa nimekaa Isiolo zaidi ya mwaka, nikinunua maziwa kwa wanawake wa pale kila asubuhi, na sikuwa nimewahi kugundua kwamba hakuna aliyewahi kunitajia idadi ya watoto wake wala ya ng'ombe wake. Mtu hakuwahesabu kwa sauti. Kuwahesabu ni kuwaanika mbele ya jicho baya, na kilichohesabiwa huanza kupungua.

"Tutawapa namba tu," Injinia aliendelea, maskini. "Wa kwanza, wa pili..."

"Kijana!" Haji alisimama. "Unataka nipange watoto wangu hapa nihesabu kama mbuzi wa mnada? Hata mbuzi sihesabu mbele ya dalali!"

"Haji, kaa," Meneja alisema.

"Sikai."

"Bila namba," Injinia alisema kwa upole, "kliniki itaondolewa kwenye mpango. Sina njia nyingine."

Haji alimtazama Meneja, akanitazama mimi. "Sista amezalisha wake zangu wote," alisema. "Binti yangu angekufa kama si Sista. Msiniwekee mtego wa namna hiyo. Nichague kati ya watoto na mama aliyewapokea?"

Nilitamani ardhi inimeze, kwa kuwa mtego huo niliutega mimi kwenye karatasi, kwa michoro. Nikaanza kufikiria herufi badala ya namba, nikaona herufi nazo zina mpangilio, nikafikiria majina, nikakumbuka diski haina nafasi. Nikiwa bado natapatapa, Meneja alikwenda kwenye kabati na kurudi na boksi. Zilikuwa kadi mpya za uanachama, zilizoletwa kutoka Nairobi kwa ajili ya familia zitakazojiunga. Kila moja ilikuwa imepigwa chapa ya namba kiwandani, ndefu, kwenye kona.

Alichomoa moja akampa Haji. "Haji, nimekupa nini?"

"Kadi."

"Nimekuhesabu?"

"Hapana. Umenipa kadi."

"Nikimpa mama watoto ya kwake?"

"Umempa kadi."

"Na mtoto akinyoosha mkono nikampa yake? Namba ni ya kadi. Ilitoka nayo huko ilikotoka. Mimi sijauliza kitu, wewe hujasema kitu."

Haji aliigeuza ile kadi, akaitazama nyuma na mbele. Kisha akaketi.

"Wewe ungekuwa dalali," alisema, "tungekuwa tumeuza watoto wetu wote kwa mkopo."

Injinia tayari alikuwa anapiga hesabu. Kadi moja kwa kila mtu, badala ya moja kwa kila familia, na programu ilinganishe namba za kadi. Inawezekana, alisema, lakini namba zile ni ndefu na diski ni ndogo. Kazi hiyo peke yake ingekula nafasi yote ya Isiolo. Hakungekuwa na ombi la pili wala la tatu.

Meneja aliitazama kompyuta iliyolala chini ya leso. "Sawa. Mimi nimeshazoea kuitwa haramu."

Mimi nilichukua muda zaidi. Nilifikiria kazi za asubuhi nzima zitakazopotea stima ikikatika, mwaka mzima mwingine. Nikasema sawa, na nilipolisema nikaona ni kweli.

Injinia aliondoka asubuhi iliyofuata, na masika yakaingia, barabara za Wabera zikawa tope jekundu. Kadi tuligawa uani kwa Sista. Habari zilikuwa zimesambaa, na safari hii mabenchi ya kanisa yalijaa. Amri ya Meneja ilikuwa moja tu: usiulize. Nilitoa kadi mpaka mikono ikaacha kunyooshwa, nikaandika jina la kila aliyepokea, nikahamia kwa familia nyingine.

Ila kulikuwa na jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Nilikuwa nimezichanganya zile kadi kama mtu anavyochanganya karata, boksi zima. Kwa sababu nilikaa nikawaza: kama familia itapewa kadi zinazofuatana, mtu yeyote mwenye akili atachukua namba ya mwisho, atoe ya kwanza, na apate idadi ya watu wa nyumba ile. Ingekuwa tumewahesabu kwa mlango wa nyuma. Niliona haya kueleza, nilijua watasema nimezidi.

Haji ndiye aliyegundua. Alikuwa amekusanya kadi za nyumba yake mkononi.

"Mbona hazifuatani?"

"Ili mtu asije akatoa, Haji."

"Atoe nini?"

"Atoe ya kwanza kwenye ya mwisho."

Alitafakari. Alipoelewa, alimgeukia Meneja na kusema maneno kwa Kiborana, marefu kidogo. Wote wawili wakanitazama.

"Amesema nini, Mzee?"

"Mambo yetu," Meneja alijibu, lakini alikuwa anatabasamu. Tangu asubuhi ya kesho yake mke mdogo wa Haji alinipitishia maziwa ofisini mara kwa mara, na nikijaribu kumlipa ananiuliza kama nina wazimu.

Siku hiyo ya kugawa, mama mmoja alipokea kadi yake na ya mtoto aliyemshika mkono, kisha akanyoosha mkono tena.

"Hii ni ya nani?" niliponyokwa na swali, nikajiuma ulimi.

Alishika tumbo lake, kubwa kama mtungi. "Ya huyu. Yuko njiani."

Nilibaki na kadi hewani. Programu haikuwa na nafasi ya mtu ambaye hajazaliwa. Sista alipita na karai la maji ya moto. "Mpe," alisema bila kusimama. "Mpaka umalize kufikiria atakuwa amefika."

Nikampa.

Diski mpya ilifika, nikaiweka, nikaijaribu kwa madai ya uongo niliyobuni mwenyewe mpaka Meneja akanikataza. Lakini hatukuwa na jaribio la kweli, kwa sababu soko lilikuwa bado limefungwa, na makao makuu walisema watatazama mwezi wa kwanza wenye soko kabla ya kuamua habari ya kliniki. Tulingoja. Mvua ilipungua. Siku moja malori yakaanza kuteremka tena, mbuzi zikilia juu yake, wanawake na watoto wameshikilia mabomba, na mji ukapata sauti yake.

Fomu za Sista zilikuja siku iliyofuata zimefungwa kwa bandeji. Nilianza na nyumba ya Haji, kikohozi kitupu. La kwanza likakubaliwa, hilo halikuwa ajabu. Niliingiza la pili, siku ileile, ugonjwa uleule, kadi nyingine, nikabonyeza na kufumba macho.

"Imesema nini?" Meneja aliuliza.

Nilifumbua. "Imekubali."

"Ingiza lingine."

Ikakubali. Aliburuta kiti chake akaketi karibu yangu, na tukaendelea hivyo, mimi naandika, yeye anasema "lingine", mpaka stima ikakatika na kioo kikawa cheusi. Kazi yote ikapotea. Tulitazamana, tukacheka, na iliporudi nikaanza upya tangu kikohozi cha kwanza.

Mwezi ulipokwisha Injinia alipiga simu mwenyewe. Isiolo ilikuwa na madai machache sana yaliyokataliwa, na hayo yalikuwa makosa ya tarehe, mengi ya Meneja. Kliniki ingebaki. Nilimuuliza kama ana hakika. Alisema ana hakika. Nilimuuliza kama imeandikwa mahali. Alisema mwambie Sista, msichana, kisha ukanywe chai.

Nilikwenda Wabera karibu nikikimbia. Ilikuwa siku ya soko, uani hapakuwa na pa kukanyaga, na Sista alikuwa chumba cha ndani, mlango ukiwa wazi kidogo, ameinama juu ya mama aliyetoka kujifungua.

"Sista, wamesema unabaki."

Alinyanyua kichwa. Alinitazama, mkono wake bado juu ya tumbo la yule mama, na macho yake yakajaa. Kisha akavuta pumzi puani.

"Nimesikia," alisema. "Usisimame hapo kama nguzo. Shika huyu mtoto wake, nimalize kazi."

Nilipewa mtoto aliyefungwa kwenye shuka. Nikasimama naye ukutani, nikiwaza kama nimeshika kichwa sawasawa, kama shuka imembana, kama nimsogeze kwenye hewa au nimkinge na upepo. Yeye alikuwa amelala.